Shimo Lisilo na Mwenyewe

Kila mwaka, tangu nilipokuwa kijana mwenye nywele, Shomari alikuwa akiniuliza swali lile lile: "Karani, umeshamwambia?" Na kila mwaka nilimjibu kwamba bado, barabara mbaya, mvua nyingi, goti linauma, mke wangu ana wageni. Mwaka huu hakuniuliza. Binti yake alinipigia simu asubuhi, nami nimekaa pale ninapokaa siku zote, kwenye kiti cha kamba uani, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, akasema, "Baba ametutoka, mzee." Nikasema inna lillahi, kama tulivyozoea kuambiana hapa Iringa hata sisi Walutheri, nikaweka simu pembeni, na kitu cha kwanza kilichonijia, naona haya kukiandika, kilikuwa nafuu. Hakuna tena wa kuniuliza. Kitu cha pili kilikuwa hasira, na hiyo sijaimaliza hadi leo: hasira kwa Bwana Mawe, kwa mbwa wake, kwa kitabu chake chenye jalada la kijivu, kwa serikali ya wakati ule, na kwa huyu mtu mzima aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni akifurahi kwamba shahidi amekufa.

Mimi si mtu wa safari. Shule ya bweni haikunibadilisha, ilinifundisha tu kukumbuka nyumbani kwa Kiingereza. Mwaka nilipomaliza darasa la kumi, katika miaka ile ya hamsini, uhuru ukiwa bado neno la kunong'onwa sokoni, nilitaka kitu kimoja tu duniani: ukarani wa mahali penye dirisha, hapa hapa mjini, nikitoka mchana nile kwa shangazi yangu ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, kisha nilale kidogo. Badala yake nikapewa Bwana Mawe. Jina lake la kweli silitaji, si kwa heshima, ila yeye alitaja majina ya wachache mno nami namlipizia. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, ametumwa kuzunguka Nyanda za Juu kutazama miamba ya ajabu na milima iliyowahi kuwaka moto, aandike kitabu. Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai na kumfokea mtu. Kwa mengine yote alihitaji mkalimani, na mkalimani nikawa mimi.

Dereva wetu alikuwa Shomari bin Faraji, mtu wa Iringa mjini ambaye babu zake walitoka pwani na misafara ya biashara, jambo alilotukumbusha kila alipopotea njia. Na alikuwepo mbwa. Mbwa yule, mkubwa kama ndama, aliitwa Simba, na nafasi yake ilikuwa kiti cha mbele, katikati ya Bwana na dereva. Mimi niliyesoma hadi darasa la kumi, niliyeweza kutaja mito yote ya Uingereza bila kupumua, nafasi yangu ilikuwa nyuma, juu ya sanduku la mawe. Kila jioni mawe yaliongezeka na nafasi yangu ikapungua. Mbwa hakupunguziwa hata kidogo. Nimeishi miaka mingi, nimepanga foleni za sukari na za sabuni, lakini nikitaka kukasirika haraka bado nakumbuka kisogo cha mbwa yule kikitazama mandhari.

Tulianza na nguzo za Isimila, karibu na mji, na hapo kidogo nilifurahi kwa sababu niliweza kurudi nyumbani kula. Ni korongo ambalo maji yamelichonga kwa muda usiohesabika, yakaacha nguzo za udongo zimesimama, ndefu kuliko nyumba, kila moja na jiwe kichwani kama mtu aliyejitwika. Bwana Mawe alizizunguka nusu siku, kisha akaniuliza watu wa kwetu wanasema nini juu ya hizi. Nikamwambia wanasema ni nguzo. Akasubiri, kalamu mkononi. Alitaka majitu, alitaka mizimu, na mimi nilikuwa nimetumwa duniani bila hata moja. Akaandika kitu kwenye daftari kwa uso wa mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Baadaye Shomari akanionya. "Karani, mpe Bwana hadithi. Asipopata hapa atatupeleka mbali kuitafuta." Akatupeleka mbali kuitafuta.

Barabara ya kwenda Mbeya wakati huo ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho, na mimi ni mtu ninayetapika nikipanda gari. Sisemi hili kwa kutafuta huruma. Kila mahali ambapo wageni husimama kupiga picha, mimi niliinama. Pale Igawa, tuliposimama kunywa chai, nilikuwa nimeshamwaga chai ya jana. Shomari alitandaza gunia kati yake na mbwa, lakini mbwa alimpenda, alikuwa anavuka gunia anamlamba shavu. "Karani," akaniambia, akinawa uso nyuma ya kibanda cha chai, "wewe umesoma. Mimi Mwislamu, mbwa amenilamba tangu Iringa hadi hapa. Ninawe mara ngapi?" Nikamwambia mimi Mlutheri, sijui. "Basi mimi nanawa, na wewe unatapika," akasema, "na mbwa ndiye anatalii."

Mbeya tulikaa nyumba ya wageni ya serikali, Bwana mbele penye moto wa kuni na mazulia, sisi nyuma kwenye chumba chenye vitanda viwili vya chuma na harufu ya mafuta ya taa. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba huingia mifupani bila kubisha hodi. Tulikuwa tumetoka kuona kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo tulilikuta wenzake Bwana Mawe wameshalikata pembeni kwa msumeno kama mkate, naye akaligonga kwa nyundo ili asipitwe. Tulikuwa tumeshapanda mlima Ngozi, kwenye msitu wa mianzi wenye utelezi, hadi ukingoni ambapo ziwa linaonekana chini kabisa ndani ya kinywa cha mlima, la kijani, limetulia. Hata mimi nilinyamaza pale, nakiri, ingawa nilinyamaza nimekaa. Sasa nilikuwa jikoni na mpishi wa nyumba ile, nimejibanza ubavuni mwa jiko, natafuna hindi la kuchoma, na dirisha la jikoni lilikuwa linatazama baraza ambapo Bwana Mawe alikuwa anakunywa na mgeni. Mgeni alikuwa mtu wa misitu. Mimi na Shomari tulimwita Bwana Miti.

Walikuwa wanaongea kwa Kiingereza, sauti za watu wasiodhani kwamba jikoni kuna masikio yaliyosoma. Bwana Miti alikuwa anachora mpaka wa msitu wa serikali huko mbele ya Tukuyu, na mpaka ulikuwa unashuka hadi shimo moja dogo la volkano lenye ziwa, ambalo chini yake kuna pango linalotoa pumzi ya kuua ndege. Shida ilikuwa moja. Kama shimo lile lina wenyewe, lazima aitishe baraza, awasikilize, awalipe, mambo marefu. Kama halina mwenyewe, mstari unapita tu. Bwana Mawe akasema anakwenda huko huko, atawauliza, na kitabu chake kitaonyesha. Bwana Miti akacheka. "Usiwaulize sana," akasema. Nikabaki na hindi mdomoni. Nilipomweleza Shomari, alikuwa anavua viatu. Alikaa na kiatu kimoja mkononi kwa muda. "Bora usingesikia," akasema. "Sasa umesikia, imekuwa kazi yako."

Kijana aliyetuongoza kwenye shimo lile aliitwa Ambokile. Umri wetu ulikuwa mmoja, yeye mrefu, amevaa koti la jeshi lililokatwa mikono, na Kiswahili chake alikipata kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, hakikuwa na mapambo. Aliishi mteremkoni chini ya shimo pamoja na vijana wa rika lake. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule vijana wa rika moja walikuwa wanajenga vibanda vyao mahali pamoja, mbali na baba zao, na chakula chao kilikuwa kimoja. Leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, lakini daima pamoja, mikono yote kwenye chungu kimoja. Mtu aliyekula peke yake alitazamwa kama mtu mwenye jambo. Hayo nilielezwa na Ambokile mwenyewe tukipanda, nami nikiwa nyuma kabisa nikihesabu pumzi zangu, na nikamwambia kwetu pia tunakula pamoja, ila mimi hupenda kula karibu na kitanda.

Tulipofika ukingoni akasimama. Alikuwa amebeba mwenge wa mianzi iliyokauka, akauweka chini, akasimama mbele ya njia inayoshuka.

"Karani, mwambie," akasema. "Hii mahali ina wenyewe. Baba yangu mkubwa ndiye alikuwa anashuka, mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua. Sasa yeye amekufa, ni mimi. Watu wa miti wamekuja, wamepaka rangi nyeupe kwenye miti yetu, hatujui wanataka nini. Wenzangu wanasema nisilete mgeni hapa. Mimi nimewaambia huyu anaandika kitabu. Mwambie nitamshusha, nitamwonyesha yote. Lakini yeye aandike: hili shimo lina wenyewe, wenyewe ni sisi. Aandike na jina la ukoo. Kama haandiki, hatushuki."

Nilimtafsiria Bwana neno kwa neno, hapo sina deni. Bwana Mawe akatazama saa yake, akatazama mawingu, akamtazama mbwa, akasema kwa Kiingereza, "Tutaona."

Nimelifikiria neno hilo kwa umri wangu wote. Nilijua maana yake, na nilijua lililosemwa barazani Mbeya. Nilijua pia kitakachotokea nikilifikisha lilivyo. Ambokile angeokota mwenge wake na kushuka mlima. Bwana angekasirika, kisha angetaka tena, wazee wangeitwa, tungekaa siku tatu, labda wiki, kwenye hema lililokuwa linavuja upande wangu. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuanza kurudi Iringa. Nilikuwa nimetoka nyumbani wiki tano. Soksi zangu zilikuwa zimelowa. Ukitaka kujua watu hupotezaje ardhi, wengine watakueleza habari za sheria na bunduki, nami sibishi. Hii moja ilipotea kwa sababu kuna kijana alitamani majani ya maboga.

"Amekubali," nikasema.

Ambokile akanitazama. "Amekubali? Hivyo tu?"

"Amekubali. Ataandika."

Nyuma yangu Shomari alikuwa ameshika kamba. Kiingereza alichokijua kilikuwa cha gari tu, breki, gia, klachi. Lakini lile neno la Bwana alilijua vizuri kuliko mimi. Kwa miaka sita, kila alipoomba likizo kwa mabwana zake, ndilo alilojibiwa. Alinitazama tu, kisha akaanza kufungua fundo la kamba ambalo halikuhitaji kufunguliwa.

Tukashuka. Pango lilikuwa karibu na maji, kinywa chake kipana na chini, na mbele yake kulikuwa na bonde dogo kama sahani ambamo hamkuota hata jani. Ndege wawili walikuwa wamelala humo, manyoya safi, kama waliochoka. Bwana Mawe akawasha taa ya chemli, akaishika juu usawa wa uso wake, akaanza kuingia. Ambokile akacheka, si kwa dharau. "Mwambie Bwana pumzi ya hapa haipandi. Inalala chini kama maji. Taa yake iko juu, miguu yake imeshazama." Akauwasha mwenge wake, akaushika chini, usawa wa goti, akaenda hatua kwa hatua. Moto ulikuwa mwekundu, ukawa wa njano, ukaanza kulegea, naye akasimama. "Moto ukilala gotini, mtu anarudi," akasema. "Baba mkubwa alinifundisha hivyo." Bwana Mawe akaandika haraka sana, hajawahi kuandika haraka hivyo.

Ni mbwa ambaye hakuwa na goti la kutosha. Tulikuwa tunatazama mwenge, Simba akatupita akinusa wale ndege, akaingia bondeni, akasimama, akatutazama kama anayetaka kuuliza kitu, akaanguka. Bwana Mawe akapiga ukelele na kutaka kukimbilia. Ambokile akamsukuma kifuani, ndiyo, alimsukuma Mzungu kifuani, akavuta pumzi, akafumba mdomo, akaingia, akamshika mbwa miguu ya nyuma na kumburuta hadi tuliposimama. Mbwa alikuwa mzito na Ambokile alikuwa amekwisha nguvu. Bwana alikuwa amekaa chini analia. Mimi nilikuwa mkalimani. Kwa hiyo Shomari bin Faraji, aliyetandaza gunia kutoka Iringa hadi Tukuyu, akamtupa mbwa begani na kupanda naye mteremko wote, mate ya mbwa yakimtiririka mgongoni, akimwomba Mungu msamaha kwa sauti ya juu ili wote tusikie. Juu, penye upepo, mbwa akafumbua macho. Akamlamba.

"Sasa itabidi nioge hadi Idi," akasema Shomari.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, rika la Ambokile lilitukaribisha. Ndizi zilizochomwa hadi ganda likawa jeusi, maharage, maziwa mgando kwenye kibuyu. Bwana alikuwa hemani na mbwa wake. Waliniweka katikati ya duara, wakanisogezea chungu, na mmoja wao akaniambia, "Ukishakula hapa, wewe rika letu." Ambokile akawaeleza kwa lugha yao, nami niliona nyuso zao zikilegea moja baada ya nyingine. Kisha mmoja akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kweli Mzungu amekubali kuandika?" Nilikuwa na ndizi mdomoni. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ilikuwa ndizi tamu. Shomari, aliyekuwa kando yangu, akasogeza mkono wake kutoka kwenye chungu, akasema ameshiba.

Jumamosi tulianza safari ya kurudi, tukafika Iringa. Nilikula majani ya maboga. Nililala siku mbili. Halafu kazi yangu ikawa kunakili daftari za Bwana kwa mwandiko safi zipelekwe kupigwa chapa, ofisini, kwenye dirisha nililolitamani, na wiki ya tatu nikafika ukurasa wa shimo. Aliandika kwamba wenyeji wanaliogopa kwa ushirikina na kwamba halina mwenyewe. Aliandika kwamba yeye, baada ya kufikiri, alibuni njia ya kushika moto usawa wa goti. Aliandika kwamba mbwa wake Simba, na hapo jina liliandikwa kamili, aliokolewa na mwenyeji mmoja. Mwenyeji mmoja. Mbwa ana jina, mtu hana. Nilisimama. Nikaenda na daftari hadi mezani kwake.

"Bwana," nikasema, "yule kijana alisema shimo lina wenyewe. Alishuka kwa sababu hiyo. Tulimwambia utaandika."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mimi nilimwambia nitaandika?"

Angeuliza jingine lolote ningekuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kuhusu maneno ya barazani Mbeya, na Bwana Miti, na kicheko chake. Lakini aliuliza hilo, na jibu lake lilikuwa moja.

"Hapana, Bwana."

"Basi," akasema, akachukua kalamu.

Nikarudi kwenye dirisha langu, nikanakili ukurasa wote kwa mwandiko mzuri. Niliacha mahali pa jina wazi kidogo, kama upana wa kidole, sijui nilitegemea nini. Mpiga chapa alipaziba. Kitabu kilipotoka Bwana aliniletea nakala yangu, na mbele kabisa alinishukuru, kwa jina, kwa uaminifu wangu.

Nimekitupa mara mbili na mara mbili nimekiokota. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake habari za shimo lile, mahali pazuri pa kutembelea, na maneno yalikuwa yale yale, wenyeji wanaliogopa, halina mwenyewe. Nilimfokea mtoto wa watu kana kwamba ni yeye aliyeandika.

Kabla mwaka ule haujaisha Shomari aliacha kazi ya Bwana akaenda kuendesha lori la mfanyabiashara mmoja, Iringa hadi Tukuyu, na ni yeye aliyeniletea habari. Alinikuta kwa shangazi, nimeshika bakuli. Mpaka ulipita chini ya vibanda, si juu yake, vikawa ndani ya msitu wa serikali. Rika zima lilihamishwa, vibanda vikavunjwa, hakuna baraza, hakuna fidia, kwa sababu shimo halina mwenyewe na imeandikwa. Na wenzake hawakumpiga Ambokile, hawakumtukana. Waliacha kula naye tu. Chungu kikiwekwa, akikaa, wanaondoka. Anapewa chake pembeni, na mama yake anamtazama akila.

"Nimekula naye mimi," Shomari akasema. "Kila nikifika. Ndizi na samaki, nyama yao sili. Tunakaa wawili kama bibi na bwana harusi." Akanitazama. "Yeye anasema Mzungu alimdanganya. Umwambie, Karani."

"Mwambie wewe," nikasema. "Wewe unakwenda huko."

"Mimi nilibeba mbwa," akasema Shomari. "Wewe beba lako."

Alikula naye misimu miwili, hadi rika likalegea na kumrudisha. Mimi sikwenda. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, na watu hudhani mimi ni mtu wa nyumbani kwa sababu napenda raha. Napenda, sikatai. Lakini barabara ile ya kusini nimeiogopa maisha yangu yote, na vumbi si sababu.

Siku ya hitima nilifika nyumbani kwa Shomari mapema. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa jirani, mikeka imetandazwa, wanaume wa mtaa wa Miyomboni na kanzu zao. Nilimtambua Ambokile kwa urefu, ingawa mwingine ulikuwa umeshapotea kwenye mgongo uliopinda. Alikuwa ametoka Tukuyu kwa basi, na fimbo, na koti zito lenye mikono safari hii.

"Karani," akasema, akanishika mkono wangu kwa yake miwili. "Rika langu. Umezeeka vibaya."

Alikaa karibu nami, akawasimulia vijana kisa cha mbwa, jinsi marehemu alivyompandisha begani akitubu, na watu wakacheka kama wanavyocheka msibani, wakifuta macho. Kisha masinia ya pilau yakaletwa. Letu lilikuwa la watu wanne, lakini vijana wawili waliitwa kugawa maji ya kunawa, tukabaki sisi. Akamega, akala, akasema pilau la watu wa pwani lina akili. Kisha uso wake ukabadilika.

"Unajua bado namkasirikia yule Mzungu?" akasema. "Mimi mzee, nimezika watoto, lakini namkasirikia. Aliniangalia hivi, machoni, akakubali. Kama angesema hapana, ningerudi nyumbani na mwenge wangu. Hapana siyo matusi. Mtu akisema hapana mnaachana vizuri."

Hakukuwa na mtu wa kuniuliza tena. Ningeweza kutikisa kichwa, kama nilivyotikisa na ndizi mdomoni.

"Hakukubali," nikasema. "Alisema tutaona. Mimi ndiye niliyesema amekubali."

Mkono wake ulikuwa kwenye sinia. Ukabaki pale pale, umeshika wali bila kuuinua.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kutayarisha jibu refu, lenye serikali ndani yake, na Bwana Miti, na mambo ya wakati.

"Nilitaka kurudi nyumbani," nikasema.

Kelele za masinia mengine zilikuwa zinaendelea. "Na huyu?" akauliza, akionyesha kwa kidevu mlango wa marehemu. "Alijua?"

"Alijua. Kila mwaka aliniambia nikwambie."

"Ndiyo maana alikuwa anakuja kula," akasema Ambokile, polepole, si kwangu.

Akauachia wali, akaufuta mkono wake kwenye ukingo wa sinia, akaitafuta fimbo. Nikanyoosha mkono kumsaidia kuinuka, hakuushika. Akavuka mkeka hadi kwenye sinia la pili, la watu asiowajua, akawaambia kitu. Wakasogea. Akakaa, akanawa upya, akamega nao.

Binti yake Shomari alikuwa anapita na jagi la maji. Akaniona, akasimama, akashtuka kama mwenyeji aliyemkuta mgeni amesahaulika.

"Mzee, mbona unakula peke yako? Ngoja nikuitie wenzako."

"Waache, mwanangu," nikamwambia. "Ni zamu yangu."

Nikala upande wangu wa sinia hadi nikaliona bati. Upande wake niliuacha ulivyo, na alama ya mkono wake juu ya wali.